Mwana wa Mhunzi na Chuma cha Damu

Wanafunzi wenzangu, jina la Faraday mnalijua kwa sababu ya mtihani wa Fizikia. Mimi nimemjua kwa sababu ya ini la mdogo wangu.

Mdogo wangu ana ugonjwa wa selimundu, na ameongezwa damu mara nyingi. Kila pakiti ya damu huja na miligramu 200 hadi 250 za chuma, nao mwili hupoteza miligramu moja au mbili tu kwa siku. Kinachobaki hurundikana kwenye ini. Likizo iliyopita daktari alituambia kuna mashine ya sumaku, MRI, inayopima chuma hicho bila kisu. Nikarudi shule na swali: sumaku inajuaje kilichomo ndani ya nyama? Mwalimu wa Fizikia akacheka, akanipa kitabu cha maisha ya Michael Faraday.

Faraday alizaliwa Uingereza tarehe 22 Septemba 1791. Babake alikuwa mhunzi, tena mtu wa kuugua ugua, na shule aliyopata mtoto ilikuwa ndogo mno. Alipofika miaka 14 alipelekwa kwa Bwana George Riebau, London, kujifunza kujalidi vitabu. Wengine wangejalidi tu; yeye akawa anavisoma. Mwaka 1812 alipewa tikiti za kumsikiliza mwanakemia Humphry Davy. Akaandika aliyoyasikia, akayajalidi mwenyewe, akampelekea Davy. Machi 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi wake wa maabara. Kijana wa kujalidi, jamani!

Ya 1831, ya sumaku na koili, mnayajua, nayaruka. Kilichoniteka ni mwaka 1845. Faraday aliweka vitu kati ya ncha za sumakuumeme kubwa: kioo kizito, mbao, mkate, tofaa, nyama ya ng'ombe. Kumbe vyote vilisukumwa na sumaku, ingawa kidogo sana! Akajaribu damu iliyokauka. Damu ina chuma, kwa hivyo ungetarajia ivutwe. Wapi! Akajiandikia daftarini kwamba ni lazima ajaribu damu mbichi.

Fumbo hilo lilifumbuliwa Marekani mwaka 1936 na Linus Pauling na Charles Coryell. Damu iliyobeba oksijeni husukumwa na sumaku. Ikiiachilia oksijeni, huvutwa. Na chuma ni kilekile.

Chuma cha kwenye ini nacho huvutwa, na huvuruga uga wa sumaku ulio karibu nacho, basi mawimbi yanayotoka kwenye maji ya ini hufifia upesi. Mashine hupima upesi huo kwa milisekunde. Miligramu haizijui hata kidogo! Ilibidi watafiti wailinganishe na vipande vya ini vilivyotolewa kwa sindano na kupimwa chuma maabarani. Mafuta nayo huleta udanganyifu, kwa kuwa mawimbi yake hupishana na ya maji. Basi mashine hujaribiwa kwa chupa zenye mafuta ya kiasi kinachojulikana, kama muuza duka anavyokagua mizani yake kwa jiwe la kilo.

Faraday alikataa kuitwa Sir. Alifariki tarehe 25 Agosti 1867, Hampton Court.

Mdogo wangu atapimwa mwezi ujao, ndipo daktari aamue kiasi cha dawa ya kuondoa chuma. Kitabu cha mwalimu sijakirudisha. Anakisoma yeye, na ameanzia ukurasa wa damu.