Lord Rayleigh, mwanasayansi aliyepima mtetemo wa treni chini ya nyumba za London

Mwaka 1901, serikali ya Uingereza ilimpa Lord Rayleigh kazi ambayo wengi wangeiona ndogo kwa mtu wa cheo chake: kutafuta kwa nini nyumba za London zilikuwa zinatetemeka kila treni ya chini ya ardhi ilipopita. Alikuwa mwenye mashamba makubwa, mjumbe wa Baraza la Malodi, lililo kama seneti yetu, na mmoja wa wanasayansi wakubwa wa wakati wake. Aliikubali kazi hiyo. Jibu ambalo kamati yake ilitoa lilibadilisha treni za njia ile, na elimu aliyoiacha inatumiwa hata leo pale ardhi ya Goma au ya Bukavu inapotikisika.

Mtoto mgonjwa, mwanafunzi wa kwanza

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa John William Strutt. Alizaliwa tarehe 12 Novemba 1842 karibu na Maldon, katika jimbo la Essex, kaskazini-mashariki mwa London. Utotoni aliugua mara kwa mara, na masomo yake yalikatizwa zaidi ya mara moja. Mwaka 1861 aliingia Trinity College, kwenye chuo kikuu cha Cambridge. Miaka minne baadaye akatoka wa kwanza katika mtihani wa hesabu wa chuo kizima.

Wakati huo, mtoto wa kwanza wa familia kama yake alitegemewa kusimamia mashamba ya baba ao kuingia katika siasa. Yeye alichagua fizikia. Mwaka 1871 alieleza kwa nini mbingu inaonekana ya rangi ya buluu: chembe ndogo sana za hewani zinatawanya mwangaza wa buluu kuliko ule mwekundu. Mwaka huohuo alimuoa Evelyn Balfour, ambaye kaka yake Arthur alikuja kuwa waziri mkuu wa Uingereza mwaka 1902.

Mwaka uliofuata, ugonjwa mkali wa homa na viungo nusura umuue. Ili apate nafuu, alikwenda na mke wake Misri kukaa wakati wa baridi, wakapanda mto Nile kwa mashua. Sehemu ya maji ya mto huo inatoka kwetu: mto Rutshuru unaingia ziwa Edward, Semliki inayapeleka maji hayo mpaka ziwa Albert, na kutoka huko yanaingia Nile. Ndani ya mashua ile, kijana huyo mgonjwa alianza kuandika kitabu chake kikubwa juu ya sauti. Kilitoka katika sehemu mbili, mwaka 1877 na 1878, na kwa miaka mingi kilikuwa msingi wa elimu ya sauti na mitetemo.

Baba yake alipokufa mwaka 1873, yeye akawa Lord Rayleigh wa tatu. Kwa muda alijaribu kusimamia mashamba, lakini mwaka 1876 alimwachia kazi hiyo mdogo wake Edward. Yeye alibaki katika nyumba yao ya Terling, ambako alikuwa na maabara yake.

Tofauti ndogo isiyopaswa kudharauliwa

Kati ya mwaka 1879 na 1884 aliongoza maabara ya Cavendish pale Cambridge, baada ya kifo cha James Clerk Maxwell. Ni wakati wake ndipo wanawake walipokubaliwa kufuata masomo ya maabara kwa masharti sawa na wanaume. Huko pia alifanya kazi ngumu ya kusahihisha vipimo vya umeme, kazi inayodai uvumilivu wa kurudia jambo lilelile mara nyingi.

Tabia hiyo ndiyo iliyompatia sifa yake kubwa. Alipokuwa akipima uzito wa gesi ya nitrojeni, aliona kwamba ile inayotoka hewani ni nzito kidogo kuliko ile inayotengenezwa kwa kemia. Tofauti ilikuwa karibu sehemu moja tu kwa 200. Mtu mwingine angesema ni kosa la mizani na kupita. Yeye alikataa kupita. Mwaka 1894, pamoja na William Ramsay, alitangaza kwamba ndani ya hewa tunayovuta kila siku kuna gesi ambayo hakuna aliyekuwa ameitambua: argoni. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1904, na Ramsay akapewa ile ya kemia.

Kabla ya hapo, mwaka 1885, alikuwa ametoa andiko lenye hesabu nyingi na wasomaji wachache. Alionyesha kwamba juu ya kitu kigumu, kama vile ardhi, kunaweza kupita aina ya mawimbi yanayofuata uso wake bila kuzama sana chini. Hakuwa na chombo cha kuyaonyesha. Aliyapata kwa kalamu na karatasi.

Nyumba zinazotetemeka

Tarehe 30 Julai 1900, kampuni ya Central London Railway ilifungulia watu njia mpya ya treni za umeme chini ya ardhi. Ilikuwa na urefu wa kilometa 9 hivi, kutoka Shepherd's Bush mpaka Bank, katikati ya mji wa biashara. Bei ilikuwa moja kwa wote, peni mbili, na watu waliipenda mara moja: kabla ya mwaka kumalizika ilikuwa imebeba abiria karibu milioni 15.

Lakini juu ya ardhi, wakaaji na wenye ofisi kando ya njia hiyo walianza kulalamika. Treni ilipopita, sakafu ilitetemeka na mngurumo ukapanda kwenye kuta. Mahandaki yalikuwa yamechimbwa kwa kina kirefu, na mara nyingi yalifuata njia kubwa za juu. Walioishi kando ya njia hizo hawakuwa na pa kukimbilia.

Sheria nayo haikuwa rafiki yao. Mwaka 1869 Baraza la Malodi, ambalo wakati huo lilikuwa pia mahakama ya mwisho, lilikuwa limeamua kwamba kampuni ya reli iliyoruhusiwa na bunge, na isiyofanya uzembe, hailipi fidia kwa ajili ya mtetemo unaotokana na kupita kwa treni. Basi mwenye nyumba aliyesema kwamba kitanda chake kinatikisika usiku alikuwa na neno lake tu. Upande wa pili kulikuwa na kampuni kubwa, ruhusa ya bunge na abiria wengi waliofurahia treni.

Malalamiko yalipozidi, serikali iliunda kamati na kumweka Lord Rayleigh kuwa mkubwa wake. Kamati hiyo haikutaka kuamua kwa kusikiliza maneno tu. Mtaalamu Arnulph Mallock alipeleka ndani ya nyumba chombo kinachoandika mtetemo, ili ionekane wazi sakafu inasogea kiasi gani treni inapopita. Vipimo vilionyesha kwamba mtetemo ni wa kweli. Kwa kipimo ulikuwa mdogo sana, jicho lisingeuona. Lakini mwili wa binadamu unausikia, zaidi usiku, wakati mji umenyamaza.

Chanzo chake kilipatikana katika lokomotivi zenyewe. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 44. Mota zake zilifungwa moja kwa moja kwenye ekseli za magurudumu, hata tani karibu 33 hazikubebwa na resori yoyote. Anayeijua Goma ataelewa haraka. Chukudu iliyojaa mzigo haina resori, basi kila jiwe la lava inalopita linarudisha pigo lote. Pikipiki yenye uzito uleule, ikiwa na resori nzuri, inameza sehemu ya pigo hilo. Lokomotivi za London zilikuwa kama chukudu ya tani 44: kila kasoro ndogo ya reli ilitoa pigo, pigo likaingia katika chuma cha handaki, kutoka hapo katika udongo, na mwishoni katika misingi ya nyumba.

Njia mbili zilijaribiwa. Kwanza, lokomotivi tatu zilibadilishwa ili mota zibebwe na resori na kuzungusha magurudumu kwa giya. Uzito ukapungua mpaka tani 31, na mtetemo ukapungua pia. Njia ya pili ilikuwa kuondoa lokomotivi kabisa na kugawa mota ndogo katika mabehewa ya abiria, namna Mmarekani Frank Sprague alivyokuwa amefanya Chicago mwaka 1897. Hiyo ndiyo iliyoshinda: mtetemo ulikaribia kuisha. Kamati ilitoa ripoti yake mwaka 1902, na katikati ya mwaka 1903 lokomotivi zote za abiria zilikuwa zimeondolewa. Kampuni ilizitupa mashine ambazo hazikuwa zimemaliza hata miaka mitatu.

Miaka ya mwisho

Rayleigh aliendelea na kazi. Fedha za tuzo ya Nobel alizitoa kwa chuo kikuu cha Cambridge ili kupanua maabara ya Cavendish. Kutoka 1905 mpaka 1908 aliongoza Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza, na tangu 1908 alikuwa mkuu wa heshima wa chuo kikuu cha Cambridge. Mwaka 1907 alieleza namna masikio mawili yanavyomsaidia mtu kujua sauti inatoka upande gani. Alikufa nyumbani kwake Terling tarehe 30 Juni 1919, akiwa na miaka 76. Aliacha maandiko ya kisayansi zaidi ya 400.

Namna ya kazi aliyoisimamia London haikufa naye. Leo, miji mingi inapochimba metro, mtetemo unapimwa kabla ya nyumba kujengwa juu yake, na reli zinawekwa juu ya mipira ao resori. Mwaka 1966 jengo la Albany Court, pale London, lilisimamishwa lote juu ya vipande vya mpira kwa sababu liko juu ya stesheni ya treni.

Kongo haina treni ya chini ya ardhi. Lakini wakaaji wa Bukavu wanakumbuka tarehe 3 Februari 2008, na wale wa Goma wanakumbuka siku zilizofuata mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021, wakati ardhi ilitikisika mchana na usiku, kuta zikapasuka, na sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama. Katika tetemeko la ardhi, mawimbi yanayofuata uso wa ardhi hufika nyuma ya mengine, na mara nyingi ndiyo yanayotikisa nyumba zaidi kwa mbali. Vyombo vya wachunguzi wa volkeno huko Goma vinayaandika pamoja na mengine. Wataalamu wa dunia nzima wanayaita mawimbi ya Rayleigh.