Ibn Nafis: Tabibu Aliyeifuata Njia ya Damu

 

Kwetu Ikutha, mbuzi akichinjwa siku ya Idd, kazi ya kuchuna na kupasua huachiwa sisi vijana. Ukiukata ule moyo katikati utaona pande mbili, kulia na kushoto, na baina yao ukuta wa nyama nene usio na tundu. Jambo hilo dogo, ambalo hata mtoto analiona, mabingwa wa utabibu walilikosea kwa zaidi ya miaka elfu moja. Aliyelisahihisha ni mtu wa madrasa kama sisi: Ibn Nafis.

Jina lake kamili ni Alaa-ud-Din Ali bin Abil-Hazm al-Qurashi. Alizaliwa upande wa Damascus, nchi ya Sham, mnamo mwaka 1213 hivi. Utabibu aliusoma katika hospitali iliyojengwa na Sultan Nur-ud-Din Zangi, kwa mwalimu mashuhuri ad-Dakhwar. Baadaye akahamia Cairo, akapanda mpaka akawa mkuu wa matabibu wa Misri. Na huku anatibu wagonjwa, alikuwa akifundisha fiqhi ya madhehebu ya Shafi katika madrasa ya Masruriya. Zama zake ndizo za Imam Nawawi, ambaye hadithi zake arubaini tulizihifadhi tukiwa wadogo.

Sasa turudi kwenye ule moyo. Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya pili, alifundisha kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo na kuingia wa kushoto kwa kupenya vijitundu vilivyomo ukutani, vidogo hata havionekani. Watu wakakubali. Hata Ibn Sina, ambaye kitabu chake Al-Qanun kilikuwa ndicho tegemeo la kila tabibu, aliifuata njia hiyo.

Mwaka 1242, kabla hajatimiza miaka 30, Ibn Nafis aliandika sherehe ya sehemu za Al-Qanun zinazoeleza maumbile ya mwili. Alimheshimu sana Ibn Sina, lakini alipofika hapo hakunyamaza. Alisema ukuta ule hauna tundu, la kuonekana wala la kufichika. Damu hutoka upande wa kulia kwa mshipa mpaka kwenye mapafu, huko ikachanganyika na hewa, kisha hurudi kwa mshipa mwingine upande wa kushoto. Akaongeza kwamba moyo wenyewe hulishwa na mishipa iliyomo ndani ya nyama yake.

Si kwamba alimaliza kila kitu. Mzunguko wa damu mwili mzima ulielezwa na Mwingereza William Harvey mwaka 1628, na vile vimishipa vyembamba kuliko unywele Malpighi wa Italia aliviona kwa darubini mwaka 1661, kwenye mapafu ya chura. Lakini safari ya damu kwenda mapafuni na kurudi, wa kwanza kuieleza ni yeye. Leo tunajua kwamba hiyo ndiyo njia kwetu sisi na kwa yule mbuzi pia. Moyo wa mtu mzima husukuma lita 5 hivi za damu kila dakika. Na mtoto akizaliwa na tundu kwenye ukuta ule, huo ni ugonjwa, na pengine hulazimu kupasuliwa ili lizibwe.

Ibn Nafis alifariki Cairo mwaka 1288, sawa na 687 Hijriya. Wanahistoria wanasimulia kwamba katika maradhi yake ya mwisho matabibu walimshauri anywe mvinyo kama dawa, naye akakataa katakata. Kitabu chake kikubwa, Ash-Shamil, alikusudia kiwe juzuu 300. Zilizokamilika ni 80. Nyumba yake na vitabu vyake vyote aliviachia hospitali ya Mansuri, iliyojengwa na Sultan Qalawun.

Kisha nini? Ugunduzi wake ukasahauliwa. Ulaya ikampa sifa Servetus, aliyeandika jambo hilo hilo mwaka 1553. Mpaka mwaka 1924, ndipo tabibu kijana wa Kimisri, Muhyiddin at-Tatawi, aliyekuwa akisoma Ujerumani, alipoukuta mswada wa Ibn Nafis katika maktaba ya Berlin. Karibu miaka 700 imepita!

Ndugu yangu, tunapenda kujisifu kwamba Waislamu waligundua hiki na kile. Lakini kitabu kilikuwepo, sisi wenyewe hatukukifungua. Yeye hakuambiwa achague baina ya fiqhi na utabibu, na heshima kwa mwalimu haikumzuia kuuliza. Basi wewe uliye darasani, Kitui au Makueni, ukisikia jambo limesemwa na mkubwa, liheshimu, kisha lichunguze.

Mwenyezi Mungu amrehemu, na atupe sisi elimu yenye manufaa. Amin.