Siti binti Saad, Mwuza Vyungu

Utotoni, sokoni Kalemie, nilizoea kusimama nikiwasikiliza akina mama wa ndagala wakiita wateja kwa sauti za kuimba. Nilishangaa, nikasahau nilichotumwa, na nyumbani nikakemewa. Shuleni nikafunzwa kwamba mashairi yamo vitabuni, tena ya Kifaransa. Mshangao wangu nikauficha.

Chuoni nilisoma wasifu wa Siti binti Saad ulioandikwa na Shaaban Robert. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, katika ufukara. Hakupata shule. Alifinyanga vyungu, akavitembeza kuviuza huku akiimba. Watu wakaitambua sauti kabla ya kumwona mwenyewe. Mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza taarabu, akaiimba kwa Kiswahili ambapo wakubwa walizoea Kiarabu. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Alifariki 1950.

Hakuna aliyemfunza Siti kuimba alipobeba vile vyungu. Likizo iliyopita nilirudi sokoni. Mtoto mmoja alikuwa amesimama mbele ya muuza ndagala, kikapu mkononi, amesahau alichotumwa. Sikumharakisha. Nilisimama kando yake.