Hanna Reitsch: Rubani wa Ndege Zisizo na Injini Aliyekuja Kufundisha Vijana wa Afrika

Hivi karibuni kijana mmoja wa Kalenga alituma ujumbe hapa studio baada ya kuona video kwenye simu yake. Ndani ya video kulikuwa na ndege nyeupe, mabawa marefu na membamba, haina propela wala mlio. Abiria alikaa mbele, na ndege ikapinduka juu chini huku abiria akipiga kelele za furaha. Kijana aliuliza maswali mawili. Je, ni kweli kuna ndege inayobeba watu bila injini, au ni ujanja wa kompyuta? Na je, Mwafrika amewahi kuirusha?

Swali la kwanza jibu lake ni fupi: ni kweli. Ndege hiyo inaitwa glaida, na katika nchi nyingi, hasa Ulaya na Marekani, viwanja vidogo hutoza nauli ili kuwapandisha wageni wakaone mandhari, au wale wenye moyo mgumu wakafanyiwe sarakasi za angani. Swali la pili linatupeleka Ghana, na kabla ya Ghana linatupitisha Ujerumani, kwenye maisha ya mwanamke mmoja ambaye mpaka leo watu hawakubaliani juu yake. Jina lake ni Hanna Reitsch.

Inapaaje bila injini?

Kwanza tuelewane kuhusu ndege yenyewe. Ukisimama karibu na Mto Ruaha Mdogo saa saba mchana, wakati wa kiangazi, tazama juu. Utamwona mwewe anazunguka, anapanda, anazidi kupanda, na hapigi bawa hata mara moja. Jua limechoma ardhi tupu na mawe, hewa iliyo juu yake imepata joto, na hewa yenye joto hupanda. Mwewe amepata hewa hiyo na anazunguka ndani yake kama mtu aliyepanda ngazi.

Glaida hufanya hivyohivyo. Inavutwa kwa kamba na ndege ndogo yenye injini, au inavutwa kwa waya na mashine iliyopo chini mwisho wa uwanja. Ikifika juu inaachia kamba. Kuanzia hapo inashuka polepole, lakini rubani akipata hewa inayopanda kwa kasi kuliko ndege inavyoshuka, anapanda nayo. Rubani mzuri anaweza kukaa juu kwa saa nyingi.

Katika glaida ya abiria, mgeni hukaa mbele aone vizuri, na rubani hukaa nyuma yake akiwa na usukani wake. Kwa sarakasi, rubani huinamisha pua ya ndege ili ikusanye mwendo, kisha anaivuta juu mpaka inazunguka duara zima. Wakati wa kuvuta, mwili unakandamizwa kwenye kiti kana kwamba uzito wako umekuwa mara tatu. Ndiyo maana abiria hufungwa mikanda ya mabegani na kiunoni, huambiwa atoe vitu vyote mifukoni, na si kila glaida inaruhusiwa kufanya hivyo. Ni lazima iwe imeundwa imara kwa kazi hiyo.

Msichana aliyetaka kuwa daktari Afrika

Hanna Reitsch alizaliwa tarehe 29 Machi 1912 katika mji wa Hirschberg, ambao wakati huo ulikuwa Ujerumani na leo uko Poland, kwa jina la Jelenia Góra. Baba yake alikuwa daktari wa macho. Tangu utotoni Hanna alikuwa na ndoto ya kuwa daktari mmisionari hapa Afrika, tena daktari anayekwenda kwa wagonjwa kwa ndege. Alianza masomo ya udaktari, lakini hakuyamaliza. Ndege zilimteka.

Alijifunza kurusha glaida kwenye vilima vya Grunau, karibu na kwao, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mwalimu wake aliyejulikana zaidi ni Wolf Hirth, rubani aliyekuwa na mguu mmoja wa bandia. Hanna alikuwa mfupi, mwenye umbo dogo, na wavulana wa pale mwanzoni walimcheka. Hawakucheka kwa muda mrefu. Mwaka 1934 alikuwamo katika msafara wa wataalamu waliokwenda Brazil na Argentina kuchunguza hewa ya joto inayopanda, hiyo hiyo anayoitumia mwewe wetu. Aliporudi akaajiriwa katika taasisi ya utafiti wa glaida kule Darmstadt, akawa rubani wa majaribio. Kazi yake ilikuwa kurusha ndege mpya ambayo hakuna aliyejua kama itarudi salama.

Mwaka 1938 jina lake lilienea duniani. Mwezi Februari alirusha helikopta, mojawapo ya zile za mwanzo kabisa, ndani ya ukumbi mkubwa wa Berlin mbele ya watazamaji waliojaa. Hapa msikilizaji wa Iringa atege sikio: onyesho hilo la ukumbini liliitwa Kisuaheli, yaani Kiswahili. Lilikuwa onyesho la ngoma na michezo ya kuwakumbusha Wajerumani makoloni yao ya Afrika waliyonyang'anywa baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Lugha yetu ilitumika kama pambo la kutamani ardhi yetu, na helikopta ya Hanna ndiyo ilikuwa kivutio kikuu.

Mwaka huohuo alikwenda Cleveland, Marekani, na glaida ya sarakasi iitwayo Habicht, jina lenye maana ya kipanga. Alipindua ndege hiyo mbele ya umati wa Wamarekani, na walimshangilia. Vita ilikuwa bado mwaka mmoja.

Alimtumikia nani?

Hapa ndipo habari inapokuwa nzito. Serikali iliyompa Hanna ndege, vyeo na nishani ilikuwa serikali ya Adolf Hitler. Vyanzo vingi vinaeleza kwamba hakujiunga na chama cha Nazi, lakini alikitumikia kwa moyo wote. Mwaka 1942, akijaribu ndege ya kivita ya roketi aina ya Me 163, alianguka na kuvunjika mifupa ya uso na fuvu. Alikaa hospitali miezi mitano. Hitler alimpa Msalaba wa Chuma wa daraja la kwanza, nishani ambayo wanawake wachache sana waliwahi kuipata.

Mwezi Februari 1944 alimwendea Hitler mwenyewe na pendekezo la kuunda kikosi cha marubani wa kujitoa mhanga, watakaoendesha bomu lenye mabawa mpaka kwenye shabaha. Yeye mwenyewe aliandika jina lake katika orodha ya kujitolea, na alilijaribu bomu hilo angani. Mpango ule haukutekelezwa. Lakini mabomu ya aina ile yaliundwa pia kwa jasho na damu ya wafungwa wa kambi za mateso.

Je, hakujua? Mwaka huohuo 1944, rubani mwenzake wa zamani, Peter Riedel, alimwonyesha kijitabu kilichoeleza jinsi Wayahudi walivyokuwa wakiuawa kwa gesi. Hanna alikwenda kumwuliza Heinrich Himmler, mmoja wa wasimamizi wakuu wa mauaji hayo. Himmler alikana. Hanna akaridhika na jibu la mtu yule yule aliyeshtakiwa. Kama kuna saa moja katika maisha yake ya kuitafakari, nafikiri ni hiyo, kuliko saa zote alizokaa angani.

Mwishoni mwa Aprili 1945, Warusi wakiwa wameshauzunguka mji wa Berlin, aliingia mjini humo kwa ndege ndogo pamoja na Jenerali Robert Ritter von Greim. Jenerali alipigwa risasi mguuni wakiwa angani, na Hanna akashika usukani kwa kupitisha mikono juu ya mabega yake, akatua barabarani. Walikaa siku chache kwenye handaki la Hitler, wakaondoka kwa ndege muda mfupi kabla Hitler hajajiua. Siku chache baadaye, kule Salzburg, baba yake Hanna aliwaua mama, dada na watoto wa dada yake, kisha akajiua, kwa kuogopa kurudishwa upande wa Warusi. Wamarekani walimshikilia Hanna kwa zaidi ya mwaka mmoja, kisha wakamwachia.

Nehru angani, Nkrumah uwanjani

Baada ya vita Wajerumani walikatazwa kuruka kwa miaka kadhaa. Ruhusa iliporudi, Hanna alirudi kwenye glaida. Mwaka 1952 alipata nafasi ya tatu katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Hispania. Mwaka 1959 alialikwa India, na huko alimpandisha Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru kwenye glaida juu ya Delhi. Fikiria kiongozi wa nchi kubwa kiasi kile amefungwa mikanda ndani ya ndege isiyo na injini, akimtegemea rubani na upepo.

Mwaka 1962 Rais Kwame Nkrumah wa Ghana alimwita. Ghana ilikuwa na miaka mitano tu ya uhuru. Nkrumah aliiona glaida kuwa shule ya vijana. Mwanafunzi wa glaida hajifunzi kushika usukani peke yake. Anajifunza kusoma mawingu, kukagua ndege kabla haijaruka, kushika bawa la mwenzake lisiguse ardhi, na kungoja zamu yake juani. Mtu mmoja hawezi kuruka bila kundi zima chini. Nkrumah alitaka taifa changa lipate vijana wa namna hiyo, waliozoea ufundi na nidhamu.

Shule ilijengwa Afienya, karibu na mji wa bandari wa Tema. Hanna aliiongoza mpaka mwaka 1966. Vijana wa Ghana walijifunza pale, wakaruka wao wenyewe. Basi kijana wetu wa Kalenga, hilo ndilo jibu la swali lako la pili: ndiyo, Waafrika wameirusha, tena zaidi ya miaka sitini iliyopita, katika shule iliyoanzishwa na serikali yao.

Tarehe 24 Februari 1966 jeshi lilimpindua Nkrumah akiwa safarini nje ya nchi. Kazi ya Hanna nchini Ghana ikaishia hapo. Aliandika kitabu kuhusu miaka hiyo, akimsifu Nkrumah. Aliendelea kuruka mpaka uzeeni, na katika miaka yake ya mwisho aliweka rekodi ya wanawake kwa safari ya kwenda na kurudi ya zaidi ya kilomita 700 bila injini. Alifariki Frankfurt tarehe 24 Agosti 1979, akiwa na umri wa miaka 67, na akazikwa Salzburg pamoja na familia yake.

Tumhesabu vipi?

Wapo wanaosema miaka ya Ghana ilimsafisha. Wapo wanaosema hapana, maana katika miaka yote iliyobaki hakusimama wazi akakiri uzito wa kile alichokitumikia. Hata nishani ya Hitler hakuikana.

Sisi wa Kalenga tuna sababu ya kulipima jambo hili polepole. Hapa ndipo ilipokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa, iliyobomolewa kwa mizinga ya Wajerumani mwaka 1894. Fuvu lililorudishwa kutoka Bremen mwaka 1954 kuwa ni lake limehifadhiwa kwenye jumba letu la makumbusho. Waliopiga ile mizinga nao walikuwa mafundi hodari wa kazi yao. Hakuna anayebisha kwamba walijua kulenga. Tunachowadai mpaka leo ni kitu kingine.

Kwa hiyo mimi sioni haja ya kufuta upande mmoja ili upande wa pili ukae vizuri. Vijana wa Afienya walipata elimu ya kweli, na elimu ile ni yao. Wafungwa waliokufa kwenye viwanda vya mabomu nao ni watu wa kweli, na hakuna mwanafunzi wa Ghana anayeweza kulipa deni lile kwa niaba ya mwalimu wake. Hanna alijua kuisoma hewa kuliko karibu marubani wote wa wakati wake. Alipopewa kijitabu cha kumwonyesha yaliyokuwa yakitendeka chini, alimwuliza mtu asiyefaa kuulizwa, kisha akaendelea na kazi.

Kijana wetu aliyeuliza amesema angependa siku moja awe rubani. Tunamwombea afike. Uwanja wa Nduli hauko mbali, na vyuo vya urubani vipo. Akifika huko, ajifunze kuuliza pia kazi yake inamfaidia nani na inamwumiza nani, na akishauliza asikubali jibu la kwanza litakalomwacha alale vizuri.