Harry Miller (mbunifu wa magari)

Harry Arminius Miller (Menomonie, Wisconsin, 9 Desemba 1875 – Detroit, Michigan, 3 Mei 1943) alikuwa mbunifu na mtengenezaji wa injini na magari ya mashindano kutoka nchini Marekani. Injini zake, pamoja na zile zilizotokana nazo, zilishinda mbio za Indianapolis 500 mara nyingi kuanzia mwaka 1922.

Anakumbukwa hasa kwa magari ya mashindano yanayovutwa na magurudumu ya mbele, ambayo alianza kuyajenga mwaka 1924. Wakati huo karibu magari yote ya mbio yalisukumwa na magurudumu ya nyuma. Kazi hiyo ilimkutanisha na tatizo ambalo magari ya aina hiyo yanalo hadi leo: dereva anapokanyaga mafuta kwa nguvu, uzito huhamia nyuma, na magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayovuta gari, hupungukiwa na mshiko.

Maisha ya awali

Miller alizaliwa katika mji mdogo wa Menomonie. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Ujerumani. Aliacha shule akiwa bado kijana, akajifunza ufundi katika karakana za mashine. Baadaye alihamia Los Angeles, California, ambako alianza kutengeneza kabureta. Kabureta zake zilipendwa na madereva wa mashindano, na mapato yake ndiyo yaliyomwezesha kuendesha karakana kubwa. Alijulikana pia kwa kutumia aloi za alumini katika vipuri vya injini, hasa pistoni, wakati ambapo watengenezaji wengi walitumia chuma cha kusubu.

Mwaka 1915 dereva Bob Burman alimletea injini ya gari lake la Peugeot iliyokuwa imevunjika. Kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ilikuwa vigumu kupata vipuri kutoka Ufaransa. Karakana ya Miller iliijenga upya injini hiyo, na kwa njia hiyo mafundi wake waliufahamu kwa karibu muundo wa Peugeot wenye kamshafti mbili juu ya silinda. Burman alifariki katika ajali ya mashindano mwaka 1916. Rafiki yake Barney Oldfield alimwagiza Miller ajenge gari ambalo lingemlinda dereva vizuri zaidi. Gari hilo la mwaka 1917 lilikuwa na bodi iliyofunikwa kabisa.

Miller alifanya kazi pamoja na watu wawili waliokuwa nguzo za karakana yake. Fred Offenhauser alisimamia utengenezaji, na Leo Goossen, aliyejiunga naye mwaka 1919, alichora michoro ya kihandisi. Kwa kawaida wazo lilianza kwa Miller, Goossen akaligeuza kuwa mchoro wenye vipimo, kisha Offenhauser akalifanya chuma. Mwaka 1922 Jimmy Murphy alishinda Indianapolis 500 akiwa na gari la Duesenberg lililofungwa injini ya Miller. Mwaka uliofuata Tommy Milton alishinda kwa gari lililojengwa lote na Miller.

Agizo la Jimmy Murphy

Miller hakuwa wa kwanza kutumia magurudumu ya mbele kuvuta gari la mbio. Mmarekani mwenzake J. Walter Christie alishiriki Grand Prix ya Ufaransa ya mwaka 1907 akiwa na gari la namna hiyo, ingawa halikumaliza mbio. Baada ya hapo wazo hilo lilibaki nyuma kwa miaka mingi.

Mwaka 1924 Jimmy Murphy alimwomba Miller amjengee gari linalovutwa na magurudumu ya mbele. Murphy hakuishi kuliona likikimbia: tarehe 15 Septemba 1924 alifariki katika ajali ya mashindano huko Syracuse, New York. Kazi haikusimamishwa. Gari lilikamilishwa na kuingizwa katika mashindano ya mwaka 1925.

Tatizo la mshiko

Gari lolote linapoongeza mwendo, sehemu ya uzito wake huhama kutoka magurudumu ya mbele kwenda ya nyuma. Kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma hilo ni faida, kwa sababu magurudumu yanayofanya kazi hukandamizwa zaidi ardhini. Kwa gari linalovutwa na magurudumu ya mbele ni hasara. Kadiri dereva anavyokanyaga mafuta, ndivyo magurudumu yanayovuta yanavyopata wepesi, na nguvu ikizidi mshiko, matairi huzunguka bure bila kulisogeza gari mbele inavyotakiwa.

Magurudumu hayo hayo ya mbele ndiyo yanayopinda. Tairi lina kiasi fulani tu cha mshiko, na mshiko unaotumika kuvuta hauwezi kutumika tena kulizungusha gari kwenye kona. Dereva akiongeza mafuta mengi mapema mno wakati anatoka kwenye kona, pua ya gari huvutwa kuelekea ukingo wa nje wa njia.

Kiasi cha uzito unaohama hutegemea mambo matatu: ukali wa mwendo unaoongezwa, kimo cha kitovu cha uzito kutoka ardhini, na umbali kati ya ekseli za mbele na nyuma. Gari fupi lililoinuka hupoteza mshiko wa mbele haraka kuliko gari refu lililo chini. Jambo la nne ni mgawanyo wa uzito gari likiwa limesimama. Lile lenye uzito mwingi juu ya magurudumu ya mbele hubaki na akiba ya kutosha hata baada ya sehemu yake kuhamia nyuma.

Ubunifu wake

Gari la Miller liligusa mambo hayo moja kwa moja. Injini yenye silinda nane kwa mstari iligeuzwa ili klachi itazame mbele. Giaboksi iliwekwa kwa upana wa gari, ikaunganishwa na difu katika kasha moja kati ya magurudumu ya mbele. Hivyo mashine nzito zilikusanyika karibu na matairi yaliyotakiwa kuvuta.

Kwa kuwa hapakuwa na shafti ya kupeleka nguvu nyuma, dereva hakulazimika kukaa juu yake. Kiti kilishushwa na bodi yote ikawa chini sana kuliko ya magari mengine ya wakati huo. Kitovu cha uzito kilishuka pia, na kwa sababu hiyo uzito uliohamia nyuma ulipungua.

Difu ilifungwa kwenye chasi badala ya kupanda na kushuka pamoja na magurudumu. Magurudumu mawili ya mbele yaliunganishwa kwa bomba lililopinda kupita mbele ya difu, mtindo unaojulikana kwa jina la De Dion. Breki za mbele nazo ziliwekwa ndani, kando ya difu, si kwenye magurudumu yenyewe. Magurudumu yakawa mepesi na kufuata mabonde ya njia bila kuruka sana, jambo lililosaidia tairi kubaki limegusa ardhi.

Gari moja la aina hii liliuzwa kwa takriban dola 15,000 za wakati huo, ilhali lile la kusukumwa na magurudumu ya nyuma liligharimu takriban dola 10,000.

Katika mashindano

Mashindano ya Marekani yalilifaa gari hilo kwa namna mbili. Kwanza, Indianapolis magari huanza mbio yakiwa tayari katika mwendo, kwa hiyo udhaifu wa kuondoka kutoka kusimama haukuwa na uzito mkubwa. Pili, mbio nyingi zilifanyika kwenye njia za mviringo zilizojengwa kwa mbao, zenye kona zilizoinuliwa upande wa nje, ambapo madereva waliweza kubaki na mafuta karibu mzunguko mzima.

Uendeshaji wake ulikuwa tofauti. Dereva wa gari la kusukumwa nyuma aliweza kuuachia mkia uteleze ili kuligeuza gari. Dereva wa gari la mbele alipaswa kupunguza mwendo kabla ya kona, kisha kuongeza mafuta polepole na kuliacha gari lijivute hadi litoke. Kuachia mafuta ghafla katikati ya kona kulikuwa hatari, kwa kuwa uzito ulirudi mbele kwa mara moja na mkia ukawa mwepesi.

Katika Indianapolis 500 ya mwaka 1925 Dave Lewis, aliyepokewa na Bennett Hill baada ya kuchoka, alimaliza wa pili, chini ya dakika moja nyuma ya Peter DePaolo aliyeendesha Duesenberg. Mwaka 1926 kanuni zilipunguza ukubwa wa injini hadi lita 1.5, na Miller akaunda injini mpya yenye supachaja, iliyotoa nguvu za farasi zaidi ya 150. Mwaka 1928 Leon Duray, akiwa na gari la mbele lenye injini hiyo, aliweka rekodi ya mzunguko mmoja wa Indianapolis ya kilomita 199.6 kwa saa, ambayo ilidumu hadi mwaka 1937. Mwaka huohuo alifikia kilomita 238 kwa saa kwenye uwanja wa majaribio wa kampuni ya Packard.

Pamoja na kasi hiyo, ushindi wa Indianapolis uliendelea kuchukuliwa na magari ya kusukumwa nyuma, mengine yakiwa ya Miller mwenyewe. Gari la mbele lilishinda kwa mara ya kwanza mwaka 1930, wakati Billy Arnold, katika gari la Miller lililoandaliwa na Harry Hartz, alipoongoza mizunguko 198 kati ya 200. Fred Frame alirudia ushindi huo mwaka 1932, pia kwa gari la Hartz.

Mwaka 1929 Duray aliyapeleka magari yake Ulaya. Ettore Bugatti alivutiwa nayo, akampa magari matatu ya Bugatti kwa kubadilishana na mawili ya Miller. Muundo wa kichwa cha injini hizo uliathiri injini za Bugatti zilizofuata.

Cord L-29

Mfanyabiashara Errett Lobban Cord alinunua haki za kutumia ubunifu wa Miller, na mwaka 1929 akatoa gari la abiria lililoitwa Cord L-29. Lilisifiwa kwa umbo lake refu lililo chini. Hata hivyo lilikuwa na kasoro: injini ndefu ya silinda nane ilikaa nyuma ya giaboksi na difu, hivyo sehemu kubwa ya uzito iliangukia mbali na magurudumu ya mbele. Kwenye vilima vyenye utelezi, ambapo mteremko wenyewe huelemeza uzito nyuma, matairi ya mbele yalikosa mshiko kwa urahisi. Uzalishaji wake ulikoma mwaka 1932.

Kufilisika na miaka ya mwisho

Miller hakuwa hodari wa kusimamia fedha kama alivyokuwa katika ubunifu. Mdororo mkubwa wa uchumi ulimkuta akiwa na wateja wachache, na mwaka 1933 alifilisika. Offenhauser alinunua sehemu ya mitambo na kuendelea kutengeneza injini ya silinda nne iliyotokana na kazi yao. Injini hiyo, iliyojulikana kama Offenhauser, ilishinda Indianapolis kwa mara ya mwisho mwaka 1976.

Mwaka 1935 Miller, kwa kushirikiana na Preston Tucker, alijenga magari kumi ya mbele yenye injini za Ford V8. Manne yalifuzu kuingia katika mbio, lakini yote yalishindwa kumaliza: kasha la usukani liliwekwa karibu mno na bomba la moshi, likapata joto na usukani ukakwama.

Tayari mwaka 1932 alikuwa amejenga magari yanayoendeshwa na magurudumu yote manne, njia inayotumia mshiko wa matairi yote bila kujali uzito umehamia wapi. Alilirudia wazo hilo mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ufadhili wa kampuni ya mafuta ya Gulf, safari hii injini ikiwa nyuma ya dereva. Mwaka 1939 moja ya magari hayo, likiendeshwa na George Bailey, lilikuwa la kwanza lenye injini nyuma kushiriki Indianapolis 500. Bailey alifariki mwaka 1940 katika ajali ya mazoezi akiwa na gari la aina hiyo. Miller mwenyewe alifariki Detroit tarehe 3 Mei 1943, akiwa na umri wa miaka 67.

Urithi

Baada ya kifo chake, magari ya mbele ya Lou Moore yaliyofuata mpangilio wa Miller yalishinda Indianapolis mfululizo mwaka 1947, 1948 na 1949, yakiwa na injini za Offenhauser. Baadaye, nguvu za injini na matairi mapana ya nyuma zilipoongezeka, magari ya mbele yalitoweka katika mbio hizo.

Katika magari ya kawaida mambo yalikwenda kinyume. Mini ya Uingereza ya mwaka 1959 iliweka injini kwa upana juu ya magurudumu ya mbele, ikiyapa uzito ambao Cord L-29 iliyanyima. Mpangilio huo sasa unatumika katika magari mengi madogo ya abiria duniani, na kanuni aliyoifuata Miller bado ni ileile: kuweka uzito mbele, kukaa chini, na kukanyaga mafuta kwa kadiri ambayo matairi yanaweza kubeba.