Freddie Mercury, mwana wa Unguja aliyetikisa majukwaa ya roki

KILA mara timu inaponyanyua kombe, iwe katika uwanja wa Wembley nchini Uingereza au katika kiwanja cha vumbi huko Likoni na Changamwe, hakosi mtu wa kuufungulia vipaza sauti ule wimbo mashuhuri wa mabingwa. Vijana huupokea kwa mikono juu, wakauimba kwa Kiingereza cha kubahatisha, na wengi wao hawajui kwamba aliyeutunga na kuuimba mwaka wa 1977 hakuwa Mwingereza wa kuzaliwa. Alikuwa mtoto wa Pwani hii hii, aliyezaliwa Unguja kabla ya dunia kumfahamu kwa jina la Freddie Mercury.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Farrokh Bulsara. Alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946 katika hospitali ya serikali mjini Zanzibar. Babake, Bomi Bulsara, alikuwa karani wa fedha katika Mahakama Kuu ya kisiwa hicho chini ya utawala wa Waingereza, na mamake aliitwa Jer. Walikuwa Waparsi kutoka Gujarati, jamii ndogo ya wafuasi wa dini ya Zoroasta ambao mababu zao waliihama Uajemi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita wakapata hifadhi Bara Hindi. Hata hilo jina la Bulsara latokana na mji wa Bulsar huko Gujarati.

Msomaji wa Mombasa ana sababu ya kuutazama mwaka huo wa 1946 kwa jicho la karibu. Unguja wakati huo ilikuwa chini ya Sultani Khalifa bin Haroub, na ukanda wa Pwani ya Kenya, kuanzia mpaka wa Tanganyika hadi Lamu, ulihesabiwa kuwa milki yake ingawa Waingereza ndio walioushika usukani. Bendera nyekundu iliyopepea Forodhani ndiyo iliyopepea juu ya Ngome ya Yesu hadi Desemba 1963. Kwa hivyo mtoto wa karani Bulsara na watoto waliozaliwa Likoni, Kisauni na Changamwe mwaka ule walizaliwa chini ya kivuli kimoja.

Alipofikisha umri wa miaka minane hivi, wazazi wake walimpeleka katika shule ya bweni ya St Peter's huko Panchgani, mji wa milimani usio mbali sana na Bombay. Enzi hizo safari kati ya Zanzibar na Bara Hindi ilikuwa ya meli. Meli za kampuni ya British India zilizofanya safari hizo zilitia nanga Kilindini, na kuingia humo sharti zipite katika mlango ule mwembamba ulio baina ya Likoni na kisiwa cha Mombasa. Wazee waliokuwa wakivuka kivuko cha Likoni katika miaka ya hamsini wanazikumbuka meli hizo zikipita mbele yao zimejaa Wahindi waendao kwao na warudio.

Panchgani ndiko alikofundishwa piano na kuimba katika kwaya, na ndiko wenzake walikoanza kumwita Freddie. Akiwa bado mvulana, alijiunga na wanafunzi wenzake wanne wakaunda bendi iliyoitwa The Hectics, ambamo yeye alikuwa mpigaji piano wala si mwimbaji mkuu. Alikuwa mwenye haya. Kinywani mwake mlikuwa na meno manne ya ziada yaliyoisukuma safu ya mbele nje, jambo ambalo wenzake walimcheka kwalo. Hata baada ya kutajirika alikataa katakata kuyang'oa, akihofia kuwa sauti yake ingeharibika.

Alirejea Unguja mwaka wa 1963. Tarehe 10 Desemba mwaka huo Zanzibar ilipata uhuru, na tarehe 12 Januari 1964, kabla ya miezi miwili kutimia, mapinduzi yakauangusha utawala wa Sultani Jamshid. Sultani huyo alikimbia kwa meli yake, akanyimwa ruhusa ya kushuka Kenya, akaelekea Dar es Salaam na hatimaye Uingereza. Maelfu ya wakazi wa Unguja walitawanyika wakati huo, baadhi yao wakahamia Mombasa kwa jamaa zao. Familia ya Bulsara ilifungasha kilichobebeka ikaenda Feltham, kitongoji kilicho karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, London. Farrokh alikuwa na umri wa miaka 17.

Maisha ya mwanzo huko ughaibuni hayakuwa ya fahari. Aliwahi kufanya kazi ya kupakia mizigo Heathrow, akasomea uchoraji na usanifu wa michoro katika chuo cha sanaa cha Ealing, na baada ya kuhitimu mwaka wa 1969 akawa anauza mitumba katika soko la Kensington pamoja na mpiga ngoma Roger Taylor. Alipitia bendi kadhaa ambazo hazikufika mbali. Mwaka wa 1970, yeye, Taylor na mpiga gitaa Brian May, aliyekuwa akisomea elimu ya nyota, walianzisha bendi ambayo Freddie mwenyewe aliipa jina la Queen, yaani Malkia. John Deacon wa gitaa la besi alijiunga nao mwaka wa 1971. Ni wakati huo pia ambapo Bulsara alijivika jina la Mercury na, kwa ujuzi wake wa uchoraji, akaichorea bendi nembo yenye simba wawili, kaa na vimalaika wawili, kulingana na nyota za kuzaliwa za wanachama wake wanne.

Wanaomfahamu Mercury kwa nyimbo za viwanjani pekee huenda wakashangaa kusikia jinsi Queen walivyokuwa wakali mwanzoni. Albamu zao tatu za kwanza, za mwaka wa 1973 na 1974, zilijaa roki nzito, ile ya magitaa yanayonguruma na ngoma zinazogonga kifua. Wimbo wao Stone Cold Crazy wa 1974 ulikuwa na kasi ambayo bendi nyingi za wakati ule hazikuithubutu. Bendi ya Metallica ya Marekani, ambayo ni mlima katika aina hiyo ya muziki, iliurekodi upya na kutuzwa Grammy mwaka wa 1991 kwa sababu yake. Katika makelele yote hayo sauti ya Mercury haikuzama. Iliweza kupaa juu ya magitaa kama adhana inavyopaa juu ya makelele ya soko, kisha ikashuka na kunong'ona.

Mwaka wa 1975 alileta utungo ambao wakubwa wa kampuni ya muziki waliuona kuwa wazimu: Bohemian Rhapsody, wimbo wa takriban dakika sita usio na kiitikio, unaoanza kama maombolezo, ukageuka opera, ukaishia katika roki ya kuvunja vioo. Ulikaa kileleni nchini Uingereza kwa majuma tisa. Katikati ya sehemu ile ya opera limo neno ambalo kila mtoto wa Kiislamu wa Pwani hufundishwa kulitamka kabla ya kutia tonge kinywani. Miaka mitatu baadaye aliimba wimbo ulioitwa Mustapha, kwa mahadhi ya Mashariki na maneno yaliyoiga Kiarabu. Mercury hakuwahi kueleza kwa kina alikoyapata hayo. Mtu aliyelelewa Unguja akisikia mwadhini mara tano kwa siku hahitaji kuelezwa.

Jukwaani ndiko haya yote ya utotoni ilikopotea. Katika siku za mwanzo, kiegemeo cha maikrofoni kilimkatikia vipande viwili katikati ya onyesho. Badala ya kukibadilisha, aliendelea na kile kipande cha juu, na tangu hapo hakuacha kukitumia kama bakora, upanga au gitaa.

Kilele kilifika tarehe 13 Julai 1985. Siku hiyo lilifanyika tamasha la Live Aid, London na Philadelphia kwa pamoja, kuchangisha fedha za kuwasaidia waliokumbwa na njaa katika nchi jirani ya Ethiopia. Queen walipewa dakika ishirini tu. Watu 72,000 walikuwa Wembley na mamia ya mamilioni wengine mbele ya televisheni, na Mercury, akiwa amevaa fulana nyeupe na jinzi, aliwashika wote mkononi. Kuna mahali aliacha kupiga na kuimba, akawa anatoa sauti tu na umati kumrudishia, kama manju wa ngoma anavyowaitisha waitikiaji wake. Wajuzi wengi wa roki husema hakuna aliyewahi kufanya vizuri zaidi jukwaani, na ni vigumu kuwapinga.

Hata hivyo, mpenzi wa dhati wa mwanamuziki huyu hana budi kuyakubali na yaliyo machungu. Miezi tisa kabla ya kuiimbia Ethiopia, Oktoba 1984, Queen walikwenda kutumbuiza Sun City, katika Bophuthatswana, kimojawapo cha vijinchi vya bandia vilivyoundwa na Makaburu wa Afrika Kusini. Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii wasusie, na chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini. Wao walijitetea kwamba hawakuwa wanasiasa. Utetezi huo haungeweza kukubalika Kenya, taifa lililowanyima wanariadha wake Michezo ya Olimpiki ya 1976 kwa ajili ya suala hilo hilo. Na inauma zaidi kwamba hayo ndiyo maonyesho pekee ambayo bendi ya mwana wa Unguja iliyafanya katika ardhi ya Afrika akiwa hai. Mombasa hakufika. Zanzibar hakuimba.

Kwao alikuzungumzia kwa nadra mno, na alipobanwa alipenda kujitaja kuwa Mwajemi. Wapo wanaomlaumu kwa hilo. Lakini ni vyema kukumbuka Uingereza aliyokulia. Mwaka wa 1968, akiwa mwanafunzi wa Ealing, Bunge la nchi hiyo lilipitisha haraka haraka sheria ya kuwazuia Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Uingereza kuingia humo, na familia zilizokuwa zikiondoka Mombasa na Nairobi zikajikuta hazina pa kwenda. Kijana mwenye ngozi ile na jina lile, aliyetaka kusimama mbele ya bendi ya roki, alijua mlango ungefungwa kabla hajafungua kinywa.

Kimya hicho kilikuwa pia ndani ya nyumba yake. Aliishi miaka kadhaa na Mary Austin, mwanamke aliyemwita mwandani wake mkuu hadi mwisho, na baadaye akawa na wapenzi wa kiume. Wazazi wake, watu wa dini, hawakuelezwa waziwazi. Mwaka wa 1987 aligunduliwa kuwa na virusi vya Ukimwi. Alilificha jambo hilo kwa umma kwa miaka minne huku akidhoofika mbele ya kamera, akiimba na Montserrat Caballé wa Uhispania, akirekodi albamu moja baada ya nyingine. Mei 1991 alikuwa bado studioni Montreux, Uswisi, akihimiza kila mstari urekodiwe kabla nguvu hazijamwisha.

Wenyeji wa Changamwe, mahali malori ya masafa marefu yanapoanzia safari ya kuelekea Uganda na kwingineko, hawahitaji kuambiwa uzito wa siri ya aina hiyo. Ugonjwa huo ulitambuliwa Kenya mwaka wa 1984, lakini ilikuwa hadi Novemba 1999 ndipo Rais Daniel arap Moi alipoutangaza kuwa janga la kitaifa. Katika miaka hiyo yote watu walizikwa Likoni na Kisauni kwa majina ya maradhi mengine, na wafiwa wakaangua kilio bila kutaja. Mercury alizitaja herufi zenyewe katika taarifa iliyotolewa tarehe 23 Novemba 1991. Usiku wa siku iliyofuata aliaga dunia nyumbani kwake Kensington, akiwa na umri wa miaka 45. Dawa za mseto zilizokuja kuwarefushia wagonjwa maisha zilipatikana mwaka wa 1996.

Mazishi yake yaliongozwa na makuhani wa Kizoroasta, kwa sala za mababu. Aprili 1992 uwanja wa Wembley ulijaa tena, Metallica, Guns N' Roses na Tony Iommi wa Black Sabbath wakiwa miongoni mwa waliokwenda kumuenzi, na fedha zilizopatikana zikaanzisha wakfu wa Mercury Phoenix unaopambana na Ukimwi.

Unguja nayo ilichukua muda kumkumbuka mwanawe. Septemba 2006, mkahawa mmoja ulipotaka kusherehekea miaka 60 tangu azaliwe, jumuiya ya kidini ya Uamsho ilipinga vikali kwa sababu ya maisha yake ya faragha, na sherehe ikaachwa. Mwaka wa 2019, katika maadhimisho ya miaka 28 ya kifo chake, jumba la makumbusho lenye jina lake lilifunguliwa Shangani, Mji Mkongwe, na wageni hupiga picha mlangoni mchana kutwa.

Kaburi la kuzuru halipo. Mwili wake ulichomwa, na majivu akakabidhiwa Mary Austin, ambaye aliyahifadhi pasipojulikana na wala hajataka kupataja. Mashabiki wamekisia pengi, bustani za London, ufuo wa ziwa Montreux. Wengine wanashikilia kwamba yalirudishwa Zanzibar, yakamwagwa baharini.