DAKTA KRAPF, MWANAFUNZI WA KIYUNANI ALIYEANDIKA SARUFI YA KISWAHILI

Wasomaji wengi hulijua jina la Dakta Krapf kwa sababu ya Mlima Kenya, kwa kuwa yeye alikuwa Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameuona, tarehe 3 Desemba, 1849. Mimi nataka kuwaeleza jambo lake jingine, nalo ni jinsi alivyojifunza lugha, na faida tuliyoipata sisi tusemao Kiswahili.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari, 1810, katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa na umri wa miaka 11, jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa asilolitenda, akaugua miezi sita. Katika ugonjwa huo alikuwa akisoma Biblia siku zote, na hapo ndipo alipoanza kupenda kusoma. Alipopona alitiwa katika shule mjini Tübingen, akawa akienda kwa miguu kila siku kutoka kijijini kwao. Baba yake alimnunulia kitabu cha ramani. Mtoto alipotazama upande wa Afrika ya Mashariki aliona majina machache tu, akajiuliza kama ni kwa sababu ya wingi wa fisi.

Katika shule zile, mtoto aliyetaka elimu ya juu hakuwa na budi kujifunza kwanza Kilatini, kisha Kiyunani cha kale, yaani lugha ya Wagiriki wa zamani. Kazi hiyo si ndogo. Kwanza kuna herufi 24, ambazo huanza kwa alfa na beta. Sisi wa Kanga tulioanza chuoni kwa alifu na be tusistaajabu, maana herufi za Kiyunani na za Kiarabu zote zina asili moja, katika maandishi ya Wafoinike wa kale. Baada ya herufi huja maneno ya kukariri: anthropos ni mtu, thalassa ni bahari, biblion ni kitabu, logos ni neno.

Lakini kukariri maneno hakutoshi, kwa sababu neno la Kiyunani hubadilika mwisho wake kwa kadiri ya kazi yake. Neno likiwa ndilo litendalo, husemwa logos, likitendwa, logon, likiwa mwenye kitu, logou. Waliosoma nahau ya Kiarabu wataelewa upesi, kwa maana na huko kitabu hugeuka kitaba na kitabi. Tena mtu mmoja ni anthropos, na watu wengi ni anthropoi. Basi mwanafunzi wa Kiyunani hufundishwa kuutazama mkia wa neno.

Krapf alisoma hivyo miaka mingi, akaongeza Kiebrania, akamaliza masomo ya dini katika Chuo Kikuu cha Tübingen mwaka 1834. Mwaka 1837 alikwenda Uhabeshi kuwa mmisionari, akajifunza lugha za huko. Mwaka 1844 alifika Unguja, na Seyyid Said akampa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake. Kisha akakaa Mombasa pamoja na mkewe, Rosine.

Tarehe 8 Juni ya mwaka ule alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili, hali yeye mwenyewe bado ni mgeni wa lugha. Baada ya majuma matano tu homa ikamwua mkewe, na mtoto wao mchanga naye akafa. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa. Angaliweza kurudi kwao na hakuna ambaye angalimlaumu. Lakini alipopata nguvu alirudia kazi yake ya maneno. Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohiddin, alimsaidia katika tafsiri, ingawa dini zao zilikuwa mbalimbali. Yafaa tukumbuke jambo hili, maana Mzungu huyu alikuwa na walimu, na walimu wake walikuwa watu wa pwani.

Sasa masomo ya utotoni yakamfaa. Kwa kuwa alikwisha kujua kwamba kila lugha ina kanuni zake, alizitafuta kanuni za Kiswahili, akaona kwamba huku mambo yako kinyume: neno hubadilika kichwani. Mtu huwa watu, kitu huwa vitu, na maneno mengine hufuata: kitu kizuri, vitu vizuri. Mwaka 1850 alichapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili, na tena kamusi ya lugha sita za Afrika ya Mashariki, kikiwamo Kiswahili, Kikamba na Kipokomo. Mwaka huo huo alisafiri kwa chombo akifuata mwambao wa kusini, akafika Kilwa, Lindi na Rasi Delgado.

Haifai kusifu bila kupima. Waswahili walikuwa wakiandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu tangu zamani, lakini Krapf alichagua herufi za Kirumi, na sababu yake moja ni kwamba hakutaka Uislamu upate nguvu zaidi kwa njia ya maandishi. Wengi wetu hatuwezi kukubaliana naye katika jambo hilo. Hata hivyo hakuyadharau maandishi yetu. Alipeleka Ujerumani nakala za tenzi za kale, mojawapo ikiwa Chuo cha Herekali, kilichotungwa Pate mwaka 1728, chenye habari za vita na Mfalme Herekali wa Rumi. Na mfalme huyo alitawala watu wenye kusema Kiyunani!

Afya ilipomshinda aliondoka Mombasa mwaka 1853. Alifariki kwao Korntal tarehe 26 Novemba, 1881, akakutwa amepiga magoti kando ya kitanda. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili, yenye kurasa zaidi ya 400, ilitoka London mwaka 1882, yeye mwenyewe asiione.

Ndugu wanafunzi, mara nyingi twanung'unika tupewapo maneno ya Kiingereza ya kukariri jioni, tukiuliza yatatufaa nini. Mtoto wa Derendingen hakujua kwamba mikia ya maneno ya Kiyunani ingemfundisha kutazama vichwa vya maneno ya Kiswahili. Nasi tukumbuke kwamba kalamu, falsafa na jiografia ni maneno yaliyotoka kwa Wayunani yakasafiri hata yakafika vinywani mwetu. Chake ajifunzacho mtu leo hajui kitamfaa wapi kesho.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne